Naomba ushauri: mdahalo wa hiari na ubongo-kompyuta, kidato cha sita Mbeya

Wakuu, poleni na baridi ya Uyole. Mada yenyewe: kama ubongo ni mashine ya kukokotoa, hiari ipo? Nimekwama pawili.

Kwanza ni jaribio la mwanasayansi wa ubongo Benjamin Libet la 1983. Nukta inazunguka saa, kila mzunguko sekunde 2.56, mtu anakunja kiganja akijisikia, kisha anataja nukta ilikuwa wapi hamu ilipomjia. Umeme wa ubongo ulianza kupanda kama milisekunde 550 kabla ya tendo, hamu ikatajwa kama 200 kabla, yaani ubongo ulianza kabla mtu hajajua kwamba anataka. Sisi hatuna mashine ya kupima ubongo, tuna laptop na kitufe tu. Skrini ya hezi 60 hubadili picha kila milisekunde 17 hivi, kibodi nayo huchelewa. Hilo dogo. Kubwa ni wanafunzi kujipangia, "ikifika 30 nabonyeza", na hapo jaribio limekufa. Mnawazuiaje? (Aaron Schurger na wenzake, 2012, walionyesha kwamba mpando ule waweza kuwa mtikisiko wa kawaida wa neva uliojikusanya. Hili lazima lisemwe, wengi hulificha.)

Pili, bao. Mashimo 32, kete 64, hakuna bahati nasibu, ila mtaji mrefu (zamu ya kula na kuendelea kusambaza kete) hujui utalala wapi mpaka uusambaze. Nataka kuonyesha kwamba jambo kuamuliwa na yaliyotangulia si sawa na kutabirika. Sasa akitokea mkali akauliza, "Kwa hiyo kutotabirika ndiyo hiari?" mngemjibu vipi?