Naomba ushauri: kuhasi ndama dume, pensi, elastiki ao kisu?

Mufugaji_Sake: Bandugu jambo. Mi naishi hapa Goma ila ngombe za familia ziko ku fermu kule Masisi, upande wa Mushaki. Tuko na ndama dume 11, zingine ziko na miezi mbili tu, zingine zinakaribia mwaka na zimeshaanza kupanda mitamba, na ile mitamba ni dada zake, njo maana niko na haraka. Muchungaji anasema kisu, jirani anasema elastiki, ile mpira ya kukaza ku mufuko wa makende, juu haina damu. Naogopa zisinifie. Mwenye anajua anisaidie tafazali.

Mama_Kitshanga: Pole kaka. Elastiki ni ya ndama changa kabisa, ya wiki moja mbili hivi. Ukiiweka ku dume ya miezi kumi unaitesa bure, nyama inaoza polepole na pepopunda inapenda fasi kama ile. Hata ku ndogo, gusa vizuri kwanza makende yote mbili ikuwe chini ya elastiki, juu moja ikibakia ku tumbo itakomaa na kiburi yote ya dume.

Mzee_wa_Ngungu: Kisu haiko mubaya mwanangu, tunaitumiaka toka zamani na unaona kwa macho kama kende imetoka. Ila ngoja kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane, nzi zinapunguka na matope inakauka. Fanya asubuhi kungali baridi, kisha zilale ku majani safi, usizirudishe mu boma yenye mavi.

Veterineri_Goma: Mzee, kwa heshima yote, kiangazi nakubali mia kwa mia, ila ile kubwa isikatwe bila ganzi. Ndugu, zigawe kwa umri, njia moja haitoshi kwa zote. Za miezi mbili mpaka sita hivi tumia pensi ya Burdizzo: haipasuli ngozi, inaponda kamba yenye inapeleka damu ku kende. Sukuma kamba pembeni, funga pensi, hesabu mpaka kumi, rudilia kidogo chini yake. Fanya ile ingine vilevile, moja moja, na alama za pande mbili zisikutane katikati, juu ukikata njia ya damu yote mufuko wote utaoza. Itavimba, usishituke, nyuma ya wiki nne ao sita gusa tena uone kama kende zimenyauka, kama bado unarudilia. Zenye zinakaribia mwaka ita veterineri, atatumia lidokaini (dawa ya ganzi) na dawa ya maumivu, na zote zipate kinga ya pepopunda.

Mufugaji_Sake: Aksanti sana dokta, aksanti mzee na mama. Sasa zile kubwa zikishahasiwa naweza kuziacha na mitamba siku ileile?

Veterineri_Goma: Hapana, mbegu inabakiaka ndani. Zitenge wiki sita. Lakini hata leo kabla ya kuhasi zitoe kati ya mitamba, na mitamba yenye ilishapandwa ipimwe mimba, juu ile ingali midogo inateseka sana ku kuzaa.

Mama_Kitshanga: Na usihasi zote kaka! Ile yenye mama yake anatoa maziwa mingi ibadilishe na dume ya fermu ya mbali, hivi damu inabadilika na hupotezi kitu.

Mufugaji_Sake: Hiyo sikuifikiria mama. Kesho naita muchungaji azitenge. Kama kuko mwenye ana pensi ya kuazimisha upande wa Sake aniandikie, nitakuja kuichukua mwenyewe.