Nta ya nyuki imenijazia ndoo, naomba ushauri niitumieje

Habari zenu wakuu, niko Dodoma huku Chamwino, mwezi uliopita tumerina asali tukabaki na masega kibao, wife akasema tupa hayo yanajaza siafu nikakataa. Nikayayeyusha kwenye sufuria ndani ya maji ya moto nikachuja na kanga kuukuu (hiyo kanga ndo basi tena, na kesi yake bado haijaisha nyumbani), nimepata kama kilo tatu hivi ila chini imeganda na uchafu mweusi, je nikwangue tu au niyeyushe upya?

Mishumaa najua. Shida yangu ni hili jua la huku, mipini ya majembe inapasuka na buti za shamba zimekauka kama mbao. Nimejaribu kuchanganya nta na mafuta ya alizeti nusu kwa nusu nikapaka buti, imekuwa ngumu inabanduka vipande vipande, nadhani nta imezidi. Nyie mnaweka kipimo gani? Na turubai linalovuja kwenye mishono, nta itashika au ndo itayeyukia juani? Msaada jamani, mvua ziko njiani.