Manowari London iliyazuiaje majahazi ya Kilwa?

Muulizaji, Lindi mjini
Ndugu wanajukwaa, ninafundisha historia hapa Lindi na wanafunzi wangu wameuliza swali linalostahili jibu la uhakika. Baada ya mkataba wa Juni 1873, ambao kwa huo Sultani Barghash alikubali kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini, Waingereza waliweka Unguja manowari ya mbao iitwayo London, iliyoshushwa majini mwaka 1840 ikiwa ya mizinga 90. Je, merikebu kubwa na kuukuu namna hiyo iliwezaje kuyafukuza majahazi ya Kilwa Kivinje?

Mchangiaji, Mikindani
Mwalimu, London yenyewe haikufukuza jahazi. Iliundwa Chatham kwa vita vya merikebu kwa merikebu, ikapiga mizinga Sevastopol mwaka 1854, ikatiwa injini ya mvuke mwaka 1858, lakini zama za manowari za mbao zilikuwa zinakwisha. Kuanzia 1874 ilitia nanga Unguja ikawa ghala, karakana na makazi ya mabaharia, na wasakaji hasa walikuwa mashua zake, zilizokaa siku nyingi kwenye maji ya Pemba. Huko ndiko watumwa walikotakiwa zaidi, kwa sababu tufani ya 1872 iliangamiza mikarafuu ya Unguja, ilhali mingi ya Pemba ilisalimika. Kazi hiyo ilikuwa na hatari kubwa: Desemba 1881 Kapteni Charles Brownrigg, mkuu wa London, aliuawa karibu na Pemba akiwa katika mashua ya mvuke, alipolikaribia jahazi la watumwa lililopandisha bendera ya Ufaransa.

Mchangiaji, Kilwa Kivinje
Naomba niongeze la upande wetu, maana husahauliwa. Bahari ilipofungwa, wafanyabiashara waliwapeleka kaskazini kwa miguu watu waliotoka pande za Ziwa Nyasa, wakifuata njia ya pwani hadi mkabala wa Pemba, ndipo wakawavusha. Dhidi ya njia hiyo mizinga 90 haikuwa na kazi, na ilibidi Barghash atoe amri nyingine mwaka 1876 ya kupiga marufuku misafara ya nchi kavu. Kwa hiyo siridhiki na maelezo yanayoisifu London peke yake, huku mateso ya waliotembea mwendo ule wakiwa minyororoni yakipewa mstari mmoja.

Muulizaji, Lindi mjini
Ahsanteni sana, nitaifundisha njia ya nchi kavu pamoja na manowari. London iliishia wapi?

Mchangiaji, Mikindani
Iliuzwa mwaka 1884, ikavunjwa.