Jamaa anapiga picha kila choo anachoingia ili FBI wajue alipo: ni msanii huyo, au woga umemzidi?

Kijana wa Ng'ong'onha:
Wakuu habari za jioni. Naomba mnisaidie na mnijibu kistaarabu, maana chumbani kwetu tumebishana jana mpaka mtu kazima taa kalala na viatu.

Mwalimu alituonyesha kazi za jamaa anaitwa Hasan Elahi, Mmarekani aliyezaliwa Bangladesh, msanii na pia profesa. Mwaka 2002 anarudi kutoka safari, uwanja wa ndege wa Detroit wakamvuta pembeni. Kumbe kuna mtu kamchongea kwamba kule Tampa, Florida, alikuwa na stoo ya kukodi kaweka mabomu na akatoroka siku moja baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Wakamuuliza tarehe 12 Septemba ulikuwa wapi. Jamaa akachomoa kile kikompyuta cha kiganjani cha zamani zile, akaanza kuwasomea, saa hii nililipia stoo, saa hii nilikuwa na kipindi. Mabomu hayakuwepo. Lakini FBI, wale wapelelezi wa Marekani, walikaa naye miezi sita wakimhoji, mwisho wakampitisha kwenye mashine ya kugundua uongo mara tisa ndo wakamwambia haya nenda.

Sasa badala ya kujificha au kulalamika, akaanza kuwapigia FBI simu kila akitaka kusafiri, nakwenda mahali fulani, narudi siku fulani. Baadaye akaona asiwape wao peke yao, akaweka kila kitu mtandaoni: ramani ya alipo, sahani aliyolia chakula, kitanda alicholalia, choo alichoingia, picha maelfu kwa maelfu, kazi yenyewe inaitwa Tracking Transience. Hoja yake ni kwamba taarifa zako zina bei kwa sababu ni adimu, ukizimwaga zote zinakuwa kama maembe msimu wake, hakuna wa kuyaiba.

Swali langu: huo ni uhuru, au kajifunga kamba kwa mikono yake?

Kutoka Pwani:
Picha za choo ndo sanaa? Na mzazi kauza ng'ombe ili ukafundishwe hayo? Ndo maana mnamaliza chuo mnakuja kuuza vocha. Ila sishangai, Dodoma sanaa mtaijulia wapi, mna vumbi na zabibu tu.

Zabibu Chungu:
@Kutoka Pwani vumbi na zabibu ndo vimekufuata Dar au wewe ndo umevifuata huku? Serikali ilivyohamia Mtumba hapa Dodoma mlikuja mmebeba feni kama mnahamia jangwani, leo umepanga mtaa wa Kisasa, unakula kuku wetu na kodi umepandisha mpaka wenyeji tumesogea Nala. Halafu unatufundisha sanaa.

Bi Mkubwa Area D:
Mwanangu wa Ng'ong'onha nikujibu, mimi sijasoma hayo mambo ila nimeolewa miaka 22. Mume wangu ana tabia ya kunitumia picha. Nipo hapa, nakula hiki, naona hiki. Mwanzoni nilifurahi, mwanaume muwazi. Baadaye nikagundua siku anayonitumia picha nyingi ndo siku ambayo sijui alipo. Mfano leo, mchana kanitumia picha ya nyama iko jikoni mnadani Msalato, mbuzi kabisa, chumvi pembeni, pilipili, na kisu. Mkono wa mtu hamna. Uso wake hamna. Nyama inaweza kuwa ya wiki jana.

Huyo profesa ni mwanaume tu.

Kijana wa Ng'ong'onha:
Mama shikamoo. Nimecheka ila umegusa penyewe, kwenye zile picha yeye mwenyewe hayumo! Kitanda kitupu, choo kitupu, meza na sahani. Mwalimu ndo alichokuwa anasema, unaona kila kitu na humuoni mtu. Anasema kajificha kwa kujionyesha.

Bi Mkubwa Area D:
Marahaba. Ndo hivyo hivyo wanavyofanya.

Mrangi Halisi:
Mimi narudi kwa huyu ndugu wa Pwani maana limenikera. Sanaa tutaijulia wapi? Umewahi kufika Kolo wewe? Kondoa hapo, ndani ya mkoa huu huu wa Dodoma. Michoro ya mapangoni, urithi wa dunia UNESCO tangu 2006. Kuna watu warefu wembamba wamechorwa kwa rangi nyekundu, vichwa vimechanua kama fagio la chelewa, kuna twiga, kuna swala, mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alipiga kambi pale miaka ya 1950 anainakili mmoja mmoja. Wakati mababu zangu wanachora, Dar ilikuwa mikoko na kaa.

Sandawe wa Kwa Mtoro:
Mababu zako? Hahahaha. Mrangi na michoro ya Kolo wapi na wapi. Nyie mmekuja juzi mmekuta mawe yameshachorwa. Ile ni kazi ya wawindaji, na wawindaji wa huku ni sisi. Punguza kujimilikisha.

Mrangi Halisi:
Juzi ipi? Na nani anakwenda pale pangoni kuomba mvua mpaka leo? Wewe unatoka Kwa Mtoro unapita Kondoa kwa basi huku umelala unakuja kutuambia historia.

Sandawe wa Kwa Mtoro:
Kuomba mvua kwenye nyumba ya mtu haikufanyi uwe umeijenga.

Zabibu Chungu:
Na msimsahau Mzee Hukwe Zawose, Mgogo, ilimba yake, ile ala ya kupiga kwa vidole gumba, ilifika mpaka studio ya mwanamuziki Peter Gabriel kule Uingereza, halafu mtu wa Kisasa anasema vumbi.

Mwanasheria Bubu:
Tusitoke nje ya mada waungwana. Katiba yetu ibara ya 18 inalinda faragha ya kila mtu, nyumba yake na mawasiliano yake. Kwa hiyo hata serikali ikitaka...

Kutoka Pwani:
Ibara ya 18 ni uhuru wa maoni. Faragha ni ya 16. Mwanasheria wa wapi wewe?

Mwanasheria Bubu:
Sawa ni ya 16, nimeandika niko kwenye bajaji. Hoja inabaki pale pale. Tena tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Mtu akichukua taarifa zako lazima akwambie za nini. Hapa kwetu huyo Elahi asingehitaji vituko, angepeleka malalamiko.

Mchoma Mahindi Chako:
Mwanasheria unasema asingehitaji vituko. Unazikumbuka zile kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, zilizotaka mpaka mwenye blogu akate leseni? Elahi angekuwa Dodoma miaka ile, kabla hajatupia picha ya choo cha kwanza angeulizwa mzee leseni iko wapi. Choo kimelipiwa, picha haijalipiwa.

Kutoka Pwani:
Hapo kwenye choo kimelipiwa nimecheka kwa sauti, nipo kwenye foleni ya benki watu wananiangalia.

Mtazamaji wa Usiku:
Mimi nina neno moja halafu naondoka. Huyu jamaa anajilinda kwa kuonekana. Njooni nipateni, nipo hapa, ushahidi huu hapa. Sasa Oktoba 2025 siku ya uchaguzi intaneti ilizimwa nchi nzima, ikakaa siku kadhaa, hata kumjua ndugu yako wa Mwanza yuko salama ilikuwa mtihani. Aliyejenga usalama wake juu ya kuonekana, siku taa zikizimwa anasema nini? Ushahidi wake wote uko nyuma ya swichi ambayo haishiki yeye.

Sandawe wa Kwa Mtoro:
Tukirudi Kolo, kuna mtu humu amefika mwenyewe au wote mmeona kwenye kalenda?

Mrangi Halisi:
Nimezaliwa kilomita chache kutoka pale!!! Usinichokoze.

Fundi Vidole:
Nimesoma yote. Mimi niliwahi kuwa wakala wa kusajili laini, ile Desemba 2019 kuja Januari 2020, mnakumbuka, mwisho tarehe 20 ambaye hajaweka kidole laini inazimwa. Nilikuwa na mwavuli na kameza kangu njia ya Chamwino, foleni kuanzia saa 12 asubuhi.

Sasa siku moja kaja bibi, kaletwa na mjukuu kwa baiskeli. Kitambulisho cha NIDA anacho, amekifunga kwenye ncha ya khanga pamoja na hela. Kilichobaki ni kidole. Nikamwambia bibi weka gumba. Kioo kikawaka, kikazima, haijasoma. Weka kingine. Haijasoma. Nikamfuta kwa kitambaa, nikampaka mafuta ya mgando kidogo maana tulikuwa tunafanya hivyo, tukarudia vidole vyote kumi. Mikono ya kushoto na kulia imelainika kama mpini. Ndo nikaelewa, miaka 50 ya jembe la mkono imeufuta mstari mmoja mmoja, yule bibi hakuwa na alama. Watu wa nyuma wanapiga kelele bibi pisha. Yeye ananiangalia tu ananiuliza, mwanangu, sasa mimi siyo mimi?

Mkuu Ng'ong'onha nimekupata, huyo Elahi anamwaga ushahidi hadi wanachoka kuuangalia. Ila yeye alikuwa na kikompyuta, ana kazi chuoni, anaongea Kiingereza chao, alipoulizwa tarehe 12 ulikuwa wapi alikuwa na kitu cha kusoma. Yule bibi ukimuuliza tarehe 12 Septemba ulikuwa wapi atakwambia shambani. Nani alikuona? Hakuna. Una risiti? Ya nini, ya mtama?

Kutoka Pwani:
Fundi unatuletea chai ya huruma. Mashine zilikuwa mbovu, siyo vidole. Mawakala wengi mlikuwa mnasajili laini za wizi kwa vidole vya watu, mtu anaambiwa rudia haijasoma kumbe unamsajilia laini tatu za matapeli.

Fundi Vidole:
Wapo waliofanya hivyo, sikatai. Mimi sikufanya. Unanijua? Umewahi kusimama juani ukapangusa jasho la vidole vya watu mia kwa siku? Unakaa kwenye kiyoyozi unaita watu wezi.

Zabibu Chungu:
Ndo zao hao. Anaita vumbi, anaita wezi. Kesho ataita nini.

Kutoka Pwani:
Sijamwita yeye mwizi nimesema wengi, someni kabla hamjapaniki. Na kuku wenu siwali tena.

Mchoma Mahindi Chako:
Kuku unakula, acha uongo, jana nilikuona.

Kutoka Pwani:
Umeniona wapi wewe, hunijui!

Mchoma Mahindi Chako:
Ulitupia picha ya sahani kwenye uzi wa nyama choma. Meza ya plastiki ya bluu, ndimu mbili, nyuma kuna ukuta una tangazo la rangi. Meza hiyo nakaa mita kumi kutoka hapo nachoma mahindi. Ulivaa kofia.

Kijana wa Ng'ong'onha:
Wakuu mnaona?? Hii ndo mada yenyewe! Kaweka sahani tu, sura hakuweka, na kajulikana! Kwa hiyo Bi Mkubwa anasema picha inaficha, na hapa picha imemtoa mtu hadharani.

Kutoka Pwani:
Nimefuta ile picha.

Mchoma Mahindi Chako:
Nimeshaihifadhi. Natania mkuu, karibu mahindi.

Mwanasheria Bubu:
Kwa mujibu wa sheria ya 2022 hapo tayari kuna kitu cha kuongelea...

Mrangi Halisi:
Mwanasheria taja ibara vizuri safari hii.

Kijana wa Ng'ong'onha:
Fundi, ilikuwaje kwa yule bibi? Laini ilizimwa?

Fundi Vidole:
Tulihangaika mpaka jua linazama. Nikamwambia mjukuu kuna utaratibu wa kwenda ofisini mjini, waangalie namna nyingine. Dogo akapiga hesabu ya nauli, kwenda na kurudi watu wawili, na huenda wakaambiwa njoo kesho. Akasema kaka weka kidole changu. Ile laini ndo ilikuwa inapokea hela kutoka kwa mwanaye aliyeko Morogoro, ikizimwa bibi hali.

Kwa hiyo kwenye mtambo bibi ni kijana wa kiume wa miaka 24, fundi baiskeli. Mpaka leo nadhani.

Sandawe wa Kwa Mtoro:
Kwa hiyo FBI wakimtafuta bibi wanamkamata dogo, na wakimtafuta dogo wanakuta bibi anapalilia.

Zabibu Chungu:
Huyo bibi kamzidi Elahi kwa mbali sana na hajapiga picha hata ya jungu.

Kutoka Pwani:
Mmemfanya bibi shujaa kumbe ni kosa la kisheria. Siku dogo akigombana naye akabadilisha namba ya siri, hela za Morogoro zinaliwa zote na bibi hana pa kushtaki, maana mwenye laini ni nani? Dogo. Mnacheka ila hilo limemtokea shangazi yangu.

Fundi Vidole:
Hapo sina la kubisha. Pole kwa shangazi.

Kutoka Pwani:
Ahsante.

Sandawe wa Kwa Mtoro:
Halafu mimi bado nasubiri mtu aniambie ile ya Kolo ni ya nani.

Mrangi Halisi:
Njoo Kondoa nikupeleke, nauli juu yako, ugali wa uwele na mlenda juu yangu. Ukishauona mwamba wenyewe uniambie mchoraji aliweka jina wapi.

Sandawe wa Kwa Mtoro:
Nakuja kweli mimi, usije ukazima simu.

Bi Mkubwa Area D:
Jamani amerudi saivi. Kavua shati, limejaa moshi wa mnadani kweli, na kabeba paja la mbuzi kwenye mfuko. Mwanangu wa Ng'ong'onha nitakurudia, ngoja kwanza niangalie simu yake ile picha aliipiga saa ngapi.