Chupa ya "nano" ya shilingi 180,000 kwa mgonjwa wa lukemia, kuna ukweli hapo?

Cherehani_Mbuyuni: Wakuu habari za usiku. Nashona nguo hapa Mbuyuni, Moshi. Mwaka jana mdogo wangu alikutwa na lukemia, saratani ya damu, ile ya polepole iitwayo CML. Bandama lilivimba hadi suruali hazifungi. Mimi ndiye niliyekuwa namwongezea viuno, nikijua ni ugali! Sasa anameza imatinibu kila siku, tumbo limerudi, kazini anakwenda. Wiki iliyopita kauziwa chupa ya matone. Kaambiwa ni "nano", inazifuata zenyewe seli zenye ugonjwa, na aache vidonge ili visigombane nayo. Kashaanza kuruka siku. Hiyo nano ipo kweli au ni maneno ya stendi?

Bibi_wa_Sakina: Pole mwanangu. Nimekaa maabara miaka 27, sasa nimestaafu nafuga kuku hapa Sakina, Arusha. Nano ipo, na ndiyo maana matapeli wanaipenda.

Nanomita ni milimita moja ukiigawa mara milioni; chembe nyekundu ya damu ina upana wa kama nanomita 7,000. Kuna vifuko vya mafuta, laiposomu, vya kama nanomita 100, vinavyobebeshwa dawa. Vyxeos, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, ni vifuko hivyo: ndani mna sitarabini na daunorubisini, dawa za zamani kabisa, molekuli 5 kwa 1. Ukizitundika kila moja kivyake, mwili unaziondoa kwa kasi tofauti na ule uwiano unavurugika. Zikiwa kifukoni zinafika kwenye uboho pamoja, na seli za lukemia huvimeza vifuko kuliko seli zenye afya. Wagonjwa 309 wa miaka 60 hadi 75 walipimwa nayo: nusu ya walioipata waliishi zaidi ya miezi 9.56, wa dawa zilezile bila vifuko miezi 5.95. Nafuu ipo, muujiza haupo.

Lakini hiyo ni dripu ya dakika 90, hospitalini, tena ya AML, lukemia kali. Siyo ya mdogo wako, na haiji kwa matone.

Cherehani_Mbuyuni: Shikamoo bibi. Kwa hiyo ya CML bado?

Bibi_wa_Sakina: Marahaba. Yeye dawa inayolenga anayo tayari, haihitaji nano. Kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande, ikazaliwa protini ya BCR-ABL inayoziamuru seli zizaane bila kupumzika. Imatinibu inaziba pale protini hiyo inapopatia nguvu. Akiruka siku, inaamka. Tumbo kurudi siyo kupona; kinachosema ni kile kipimo cha BCR-ABL.

Na hao wa "inazifuata yenyewe", waulize inapitaje kwenye ini. Ini na bandama ndivyo vinavyodaka chembe ndogo za kigeni kwenye damu, na hata watafiti wa kweli vinawasumbua.

Boda_Njiro: Mwambie muuzaji akuonyeshe namba ya usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa Tanzania. Utaona atakavyokumbuka ghafla kwamba ana msiba.

Cherehani_Mbuyuni: Nimemsomea yote. Kanuna kwanza, pesa imeuma. Jumatatu tunakwenda kliniki, na siku alizoruka atamtajia daktari mwenyewe, nitakuwa nimekaa pembeni. Chupa nimeifungua. Inanuka tangawizi.