Wiki ya nne tangu nipunguzwe mfuko wa chakula: natapika, mizani imegoma, na nyumbani wanajua nilifanyiwa ngiri

Mama_Wawili
Habari zenu wakuu. Muda mrefu nimekuwa msomaji wa kimya humu, leo imenibidi niandike.

Nina miaka 38. Siku 25 zilizopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula, ule wa slivu. Wanakata kama robo tatu ya mfuko na kuitoa kabisa, kinachobaki ni mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Niliingia na kilo 128, kisukari na presha juu yake. Matundu matano madogo tumboni, siku tatu wodini, nikarudi nyumbani natembea mwenyewe. Wiki mbili za kwanza zikaondoka kilo 11, nikajiona nimeshinda.

Leo ni siku ya tisa mizani inasoma 117. Haipandi, haishuki. Na si kwamba nakula. Tangu juzi kila ninachoweka mdomoni kinarudi, hata maji. Nikisimama naona giza. Jana nilishikilia mlango wa bafu mpaka kizunguzungu kikapita. Nalia ovyo. Usiku naota chakula, naamka mdomo unatafuna hewa.

Halafu kuna hili, na naomba msinichape. Anayejua ukweli ni mume wangu peke yake, naye yuko safari ya kikazi mpaka mwisho wa mwezi. Mama mkwe amekuja kuniuguza, na tulimwambia ni ngiri. Nilijua nikisema ukweli nitaulizwa kwa nini sikupunguza kula tu. Sasa mama wa watu anaamini mgonjwa wa ngiri lazima ale apate nguvu. Ananiletea bakuli limejaa, anakaa mbele yangu, anasubiri liishe. Nameza kwa aibu. Akitoka tu, nakimbilia chooni.

Mizani kugoma mapema hivi ni kawaida au upasuaji umefeli? Kutapika kutaisha lini? Na hilo bakuli nilikataeje bila kumwambia mama ukweli?

Jabali
Mimi huwa siwaelewi. Mtu mzima unakwenda kukatwa tumbo kwa jambo ambalo mazoezi na nidhamu vingemaliza. Mlitaka njia ya mkato, vumilieni.

Slivu_Mkongwe
@Jabali njia ya mkato ni ipi hapo, kunywa supu iliyochujwa kwa kijiko cha chai wiki mbili? Pita kushoto.

Dada, pole. Mizani kugoma wiki ya tatu au ya nne kumetupata wengi sana. Kilo za mwanzo nyingi ni maji. Mwili ukikosa chakula unakula akiba ya sukari iliyo kwenye ini na misuli, na akiba hiyo hukaa pamoja na maji, kwa hiyo vinatoka vyote. Baadaye mwili unajipanga upya, unarudisha maji kidogo huku mafuta yanaendelea kuyeyuka, na mizani haijui kutofautisha. Mimi ilikaa siku 16. Niliifungia kabatini, funguo nikampa mke wangu, nikawa napanda mara moja kwa wiki. Mwaka ulipoisha nilikuwa nimepungua kilo 41.

Kutapika: chakula na maji visikutane. Ukila, subiri nusu saa ndipo unywe. Na nikuandae kabisa, mwezi wa tatu mpaka wa sita nywele zitapukutika mpaka uogope kitana. Zinarudi.

Nesi_wa_Usiku
Mizani iacheni kwanza. Mama_Wawili, nijibu sasa hivi. Mara ya mwisho umekojoa saa ngapi, na mkojo ulikuwa na rangi gani? Una homa? Moyo ukiuhesabu dakika nzima umekaa unapata ngapi? Tumbo linauma, au bega la kushoto? Kigimbi kimevimba, pumzi inakata? Kuna ganzi popote? Na vidonge vya presha unakunywa vilevile kama kabla ya upasuaji?

Mama_Wawili
Mkojo ni wa asubuhi, kidogo, rangi ya chai nzito isiyo na maziwa. Homa sina. Moyo 108. Tumbo linauma nikitapika tu, bega haliumi. Miguu haijavimba, pumzi iko sawa, ila nyayo zinachomachoma kama nimekanyaga sindano tangu jana, nikadhani ni kulala sana. Vya kisukari walinisimamishia. Vya presha naendelea na viwili, kimoja ni kile cha kukojoza.

Nesi_wa_Usiku
Nenda hospitali leo. Si kesho asubuhi, leo.

Umekaukiwa maji, na bado unameza dawa ya kutoa maji. Presha ya mtu aliyepungua kilo 11 na hali chakula si ile ya mwezi uliopita, ndiyo maana ukisimama unaona giza. Hicho cha kukojoza usikimeze tena mpaka daktari akuone.

La pili ndilo linalonikosesha raha zaidi. Akiba ya vitamini B1 mwilini ni ya wiki chache tu. Wewe una wiki nne za kula kidogo, na juu yake siku tatu za kutapika. Nyayo kuchomachoma inaweza kuwa ndiyo salamu ya kwanza. Ukifika kuona kitu kimoja viwili, kuyumba ukitembea, kuchanganyikiwa maneno, hapo ni ubongo, na wapo ambao hawarudi walivyokuwa.

Sasa hiyo ngiri yenu. Ukianguka usiku, anayekupeleka ni mama mkwe. Ataulizwa mgonjwa alifanyiwa nini, atasema ngiri, na hatakuwa amedanganya. Wataona mtu katapika, kalegea, wanaweza kukutundikia dripu ya glukosi. Mwili usio na B1 ukimiminiwa sukari, hako kadogo kalikobaki kanatumika kote na hali inageuka mbaya. B1 inatakiwa itangulie. Au atokee mtu akupitishie mpira wa puani mpaka tumboni, hajui kuna mshono mrefu humo ndani ambao haujafikisha mwezi.

Baba_Tatu
Nesi kamaliza. Mimi ni wa baipasi, ule upasuaji mwingine wa kupunguza mfuko ambao chakula huruka sehemu ya utumbo, mwaka wa sita huu. Kazini nilificha na mpaka leo hawajui, wanadhani ni kukimbia asubuhi, na mimi nawaacha wanisifie. Ila mtu ninayelala naye nyumba moja alijua, na kwenye pochi nina kikaratasi: aina ya upasuaji, tarehe, namba ya daktari, na dawa nisizopewa, yaani ibuprofeni, diklofenaki na ndugu zake, kwa sababu zinachimba vidonda kwenye mshono. Mwezi wa nane baada ya upasuaji nilishikwa na mawe ya nyongo, ambayo nayo huja ukipungua haraka. Nilikuwa naumwa kiasi cha kushindwa kuongea. Kikaratasi kiliongea.

Kuhusu maji kurudi: tafuta kile kikombe cha plastiki cha kupimia dawa ya mtoto, mililita 30. Maji yako ya siku yanaingia humo. Kimoja kila robo saa, vikombe 50 ni lita moja na nusu. Inachosha kama kuhesabu punje za mchanga, lakini hakuna kinachorudi. Ukipiga funda kama zamani, lazima lirudi.

Chungwa
Hiyo ndoto ya chakula naijua. Homoni ya njaa, ghrelini, kwa kiasi kikubwa hutengenezwa upande ule wa mfuko waliouondoa, kwa hiyo tumbo lenyewe halidai. Kinachodai ni kichwa. Mimi nililia mbele ya jokofu lililo wazi, sina njaa hata kidogo, nalia tu kama nimefiwa. Daktari wangu alinipeleka kwa mshauri wa saikolojia na ilinisaidia kuliko nilivyotegemea. Lakini hilo baadaye. Umeshaondoka nyumbani?

Jabali
Mimi nilikuwa nauliza tu jamani. Dada nenda hospitali.

Mama_Wawili (siku tatu baadaye)
Wakuu, nimerudi. Naandika nikiwa kitandani kwangu.

Nilimwambia mama kwenye gari. Si kwa ujasiri, nilikosa nguvu ya kutunga uongo mwingine wa kwa nini tunakwenda hospitali usiku. Nikamsomea jibu la Nesi lote, nikiruka pale paliponishinda kusoma. Alinyamaza mpaka tunafika getini. Nikajua nimekwisha.

Daktari wa zamu akauliza mgonjwa alifanyiwa nini. Kabla sijafungua mdomo mama kashajibu: “Wamemkata mfuko wa chakula. Sukari msimpe kwanza, kuna sindano ya vitamini inatangulia.” Daktari akamtazama, akaniuliza huyu ni muuguzi? Nikasema ni mama mkwe.

Sindano ya B1 ikatangulia, dripu za maji ya chumvi zikafuata, dawa ya kukojoza wameiondoa kabisa na ile nyingine ya presha wamepunguza nusu. Asubuhi walinipitisha kwenye kipimo cha kamera: mshono mzima, njia haijabana. Ni uvimbe wa kawaida wa ndani, na mimi kumeza bakuli zima kwa dakika kumi. Daktari alisema kwa sasa vijiko vinne vya chakula, kwa nusu saa, ni mlo. Nilicheka kwa uchungu.

Kilichomuuma mama si upasuaji. Aliniambia siku zote hizo alikuwa ananisikia chooni, akadhani chakula chake kinanitia kinyaa, ndiyo maana alikuwa anabadilisha mapishi kila siku. Hapo nililia tena.

Maneno ya “ungepunguza kula tu” hayajaja bado. Labda yanakuja. Kwa sasa ameweka alamu kwenye simu yake kila robo saa, ikilia anatokea mlangoni na kikombe cha mililita 30, na anaandika kwenye daftari. Leo tuko kikombe cha 37. Nikichelewesha ananihesabia kwa sauti.

Nesi, yeye ndiye anauliza: daktari kasema protini gramu 60 kwa siku, mtu wa vijiko vinne atazifikishaje?

Nesi_wa_Usiku
Mwambie mama hongera zake. Chakula cha protini kiingie mdomoni kwanza kabla ya kingine chochote: yai laini, samaki aliyepondwa, mtindi mzito. Milo iwe midogo, mitano au sita. Ikipungua, muulizeni daktari kuhusu unga wa protini wa kukoroga. Gramu 60 hamtazifikia leo wala kesho, mtazifikia polepole. Vidonge vya vitamini usiruke hata siku moja, na cha chuma kiachanishe na cha kalsiamu saa mbili. Nyayo vipi?

Mama_Wawili
Kimebaki kidole gumba cha mguu wa kushoto. Alamu inalia, nakuja.