HiAce inakula maji ya rejeta lakini chini pakavu, nianzie wapi?

Kigoda_Wete
Assalaam alaykum jamani. Nina HiAce ya 1996, dizeli, injini aina ya 3L, nabebea mizigo hapa Pemba kutoka bandarini Mkoani kuja Wete. Ina tabia inayonitia wazimu: inapunguza maji, lakini si kila siku. Naweza kuzunguka nayo Wete na Konde wiki nzima na chupa ya akiba isishuke. Siku nikitoka Mkoani na saruji, nikiimaliza ile mipando kufika Chake mshale wa joto ushaanza kuinuka. Naiacha ipoe, nafungua, nakuta imeshakunywa kama lita nzima. Usiku nailaza juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, asubuhi hayana hata tone.

Fundi mmoja kasema rejeta, tukaitoa ikachomelewa. Mwengine kasema wota pampu, ile inayozungusha maji, nikaagiza Unguja ikaja na boti, hali ile ile. Huyu wa sasa anataka kuvua silinda hedi, kile kichwa cha juu ya injini, na kwa bei aliyonitajia heri niiuze gari. Nisaidieni kabla sijampa jibu.

bin_Tumbatu
Tia manjano kijiko kimoja ndani ya rejeta, funga, washa, uende zako. Ami yangu kaendesha lori hivyo miaka.

SpanaKumi
Manjano iache kwenye mchuzi. Haijui kitundu kipi ni cha kuvuja na kipi ni cha kupitisha maji. Itamzibia vijibomba vya rejeta aliyokwisha kuilipia.

Fundi_Mstaafu
Kigoda, kwanza nijibu. Moshi mweupe usiokatika hata injini ikishapata moto, upo? Oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa? Asubuhi ukiwasha, mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu kabla maji hayajapata moto?

Kigoda_Wete
Hakuna hata kimoja mzee wangu. Oili ni nyeusi ya dizeli kama kawaida yake.

Fundi_Mstaafu
Hizo ndizo dalili za hedi kuvuja, nawe huna, basi iache ilipo. Hedi haivuliwi kwa kubahatisha.

Tazama mfuniko wa rejeta, kama umeandikwa 0.9, maana yake springi yake inashikilia mpaka presha ndani ifike 0.9 juu ya hewa ya kawaida. Kwa presha hiyo maji hayachemki kwenye 100, yanakwenda mpaka karibu 118. Sasa presha kubwa unaipata ukipanda mlima na mzigo, huipati ukizunguka sokoni. Kitundu kidogo kinatema pale tu. Ukizima gari ikapoa, presha inashuka, nacho kinanyamaza. Tone likiangukia ekzosi linakuwa mvuke palepale, wewe utaona nini kwenye boksi?

Kwa hiyo usingoje ivuje njiani. Ivujishe imesimama. Iko pampu ya mkono ya kupimia rejeta, inafungwa mahala pa mfuniko ikiwa na saa yake ya presha. Gereji ikiwa haina, vijana hutengeneza: mfuniko mkuukuu unatobolewa katikati, unatiwa vali ya tairi isiyo na tyubu, inazibwa vizuri, kisha pampu ya baiskeli na geji ya upepo. Injini iwe baridi na maji yajae. Pampu pole pole hadi 13 za geji ya tairi (psi), ndiyo hiyo 0.9 ya mfuniko, usizidishe, utapasua kizima. Subiri robo saa. Mshale ukishuka maji yanatoka mahala, chukua tochi uingie chini. Baridi isipoonyesha, ipime tena ikiwa vuguvugu. Ila mfuniko usiufungue kabisa ikiwa ya moto, maji yatakurukia usoni.

Na mfuniko wenyewe ubadilishe, ni kitu rahisi. Springi ikichoka maji yanatoroka kwenye chupa na hayarudi.

BintiMicheweni
Kaka, hujataja hita ya nyuma. Ya kwangu ilinitesa vivyo hivyo. HiAce nyingi zilizotoka Japani zina hita ya abiria, maji ya injini yanapita kwenye mabomba ya chuma chini ya sakafu mpaka nyuma na kurudi. Kule kwao barabara za theluji zinamwagiwa chumvi, kisha gari inakuja kwetu kulala kwenye upepo wa bahari. Nani Pemba amewahi kuwasha hita? Lakini bomba linaoza, uitumie usiitumie. Chunguza khasa pale brakti zinapolishika, matope hukaa humo. Na ukifunua zulia ukakuta unyevu wenye harufu tamu, hita yenyewe ndiyo inayovuja.

SpanaKumi
Dada kasema kweli. Mafundi wengi wanaanzia rejeta na kuishia wota pampu, nyuma ya kiti cha dereva hawafiki.

Kigoda_Wete
Jamani nimerudi. Pampu tuliipata Chake. Baridi mshale ulishuka kidogo sana, hatukuona kitu. Injini ilipopata vuguvugu tukapampu tena, kijana aliyekuwa chini akapiga kelele. Bomba la kurudi la hita ya nyuma, chini ya brakti, linatema uzi mwembamba wa maji moja kwa moja kwenye ekzosi. Tulipoifungua brakti bomba likabaki mkononi. BintiMicheweni, Mungu akuzidishie. Sasa hita siitaki, naikata vipi?

Fundi_Mstaafu
Fuata mipira miwili inayokwenda nyuma mpaka inapochepuka mbele, zile tii (viungio vya njia tatu) uzitoe utie viungio vilivyonyooka, na klempu mpya. Bolti ya kuzibia mpira ni ya kukufikisha nyumbani tu, wako wanaokwenda nayo mwaka mzima.

Hapo utakuwa umeingiza upepo. Paki kwenye mpando, pua juu, hita ya mbele ifunguliwe mpaka mwisho, washa ikiwa baridi huku mfuniko uko wazi, jaza kidogo kidogo mpaka mapovu yaishe na themostati, ile vali inayofunguka maji yakipata moto, ifunguke. Asije mtu akakwambia uitoe themostati. Tia kulanti (dawa ya rejeta) nusu, na nusu maji ya betri yasiyo na asidi. Maji ya visima vyetu yana chokaa, yanaganda ndani.

Kigoda_Wete
Na wota pampu ya zamani, ilikuwa nzima?

Fundi_Mstaafu
Itazame kitundu chake cha chini. Kikiwa kikavu, hakina ukoko wa rangi ya kulanti, na shafti haichezi, iweke stoo. Na kabla hujapakia saruji, ipige presha mara nyengine.